Salamu Zilizochelewa Kufika Darsait

Alasiri viyoyozi vya Darsait, mtaa wetu hapa Muscat, huvuma vyote kwa pamoja, nyumba hii na ile, na mie kwa mvumo ule husinzia nkiwa macho. Sijui kama ni uzee au ni raha tu. Huona vitu. Huona bahari ya Unguja imekuja ikapita hapa uchochoroni kwetu, baina ya gereji ya magurudumu na fundi wa kanzu, na watu wanatembea juu yake bila ya kurowa. Mara gari inapiga honi, bahari inaondoka zake. Basi haya ntakayoyaandika yameniingia kwa njia hiyo, baina ya kulala na kuamka, na mkiona nimeruka pahala mnistahamilie, ntarudi. Skuli sikwenda sana. Nlisoma chuoni, nkaingia darasa la kwanza na la pili, tukahamia shamba, ikawa basi. Kuandika najua, ila nukta huziweka pale pumzi inaponishia.

Mjukuu wangu anafanya kazi redioni. Si wale wanaosoma taarifa ya habari, yeye anatengeneza vipindi vidogo vidogo, anakwenda soko la Matrah kuwauliza wauza samaki kwa nini nguru amepanda bei, anarudi na sauti zao kwenye kijidude kidogo cha kurikodia. Nimemlea mwenyewe. Siku moja kaja mbio, hata viatu hakuvua, kasema kachaguliwa kwenda mafunzo ya waandishi wa habari huko Ulaya, nchi moja ya baridi iliyokuwa ya kikomunisti zamani. Jina la nchi silitii, kwa sababu ntalikosea na yeye atanicheka. Mafunzo yenyewe ni hivi: kwanza wanakaa huko muda, kisha wanarudi makwao na kuendelea kwa kompyuta, mwisho wanapewa kazi moja ya kutengeneza, na atakayefuzu kazi hiyo anarejeshwa kule mwaka mzima.

Huo mwaka mjukuu wangu aliutaka. Aliutaka mpaka chakula kikawa hakimshuki. Na mie, nasema kweli, sikuutaka. Nani atanifungulia vifuniko vya chupa za dawa? Lakini sikusema. Nkawa naomba dua pande zote mbili, nkamwachia Mungu achague.

"Mafunzo ya nini khasa?" nlimuuliza.

"Ya kuuliza, Bibi."

"Kuuliza nini?"

"Kuuliza tu. Namna ya kuuliza watu."

"Na hilo mpaka upande ndege?"

Akanieleza. Kule, zama za utawala wao wa zamani, mtu wa redio hakuwa na kazi ya kuuliza. Karatasi inashuka kutoka juu imeshapigwa muhuri, weye kazi yako kuisoma kwa sauti nzuri. Utawala ule ulipoondoka, watu wakabaki na magazeti na vipaza sauti mikononi, na hawajui waanze wapi. Watu wazima wenye mvi wakakalishwa madarasani kufundishwa namna ya kumwuliza mtu jambo na kungoja jawabu. Sasa wanafundishwa watoto wao, na wageni wachache kama yeye wanachanganywa humo.

Alipokwenda na kurudi, mwalimu wake akawa anatokea sebuleni kwangu baada ya sala ya alasiri, kwenye kompyuta, bwana mmoja mwenye ndevu na sweta, nyuma yake dirisha lenye mwanga wa kijivu. Siku ya kwanza nlimwekea kahawa na halua mbele ya kioo.

"Bibi," mjukuu wangu kasema pole pole, "hanywi."

"Najua hanywi. Lakini kaingia nyumbani."

Yule bwana akauliza ni nini kile, akaelezwa, akainamisha kichwa kunishukuru. Baada ya hapo kila siku nlimwekea. Halua yake nkila mie.

Na hapa lazima nrudi nyuma, maana bila ya hili hamtafahamu yaliyotokea. Huku Oman, na khasa kwa watu wa marehemu mume wangu, watu wa Qurayyat, kuulizana habari kuna utaratibu wake. Mtu akifika, hata kama katoka nyumba ya pili, anakaa, analetewa tende na kahawa. Mwenye nyumba anauliza: habari? Aliyefika anajibu: hakuna ila kheri. Wanakunywa. Anaulizwa tena, kuna la kueleza? Ndipo anapoeleza, taratibu, mvua imenyesha wapi, nani kaposa, nani kalazwa. Na anayeulizwa ni yule aliyefika. Yeye ndo katoka njiani. Mwenye nyumba kuulizwa habari na mgeni wake, ndani ya nyumba yake, hilo halipo, ni kama mgeni kuingia jikoni kwako akafunua vyungu.

Mie nlikuja kutoka Unguja bibi-arusi, siyajui haya. Nkafikishwa Qurayyat, nkakalishwa mkekani, wanawake wamejaa mpaka mlangoni, mama mkwe akaniuliza, "Habari za huko?" Basi nkafunguka. Kahawa haijamiminwa mie nshaeleza nlivyotapika njiani, na sukari ilivyoadimika Unguja, na kwamba mwanawe anakoroma. Bibi mmoja pembeni akasema, "Huyu mzigo wake wote kauweka ulimini." Walicheka mpaka mitandio ikawaanguka. Mpaka leo nkenda Qurayyat kuna mtu ataniuliza kama bado anakoroma, na mwenyewe yuko kaburini, Mungu amrehemu, na mie hujibu kwamba sasa katulia.

Haya, narudi.

Kazi ya mwisho waliyopewa ilikuwa hii: kila mwanafunzi alete sauti ya mtu mmoja aliyeishi katika utawala ule wa zamani, mtu wa kawaida, aeleze jambo lake mwenyewe. Mwalimu akakazania mambo mawili. Usimrikodi mtu bila ya idhini yake. Na sauti yako isizidi ya mwenzio, kwa sababu hukwenda kujisikiliza. Wenzake kule wakawa wanarudi mikono mitupu. Wazee wao wakioneshwa kipaza sauti wanasema maisha yalikuwa mazuri, asante, na wanafunga mlango. Mazoea.

Mjukuu wangu akatabasamu mbele ya kompyuta. "Mie mtu wangu nnaye," kasema. "Uchochoro tu."

Kweli. Ng'ambo ya uchochoro, mlango wa buluu, anakaa mwanamke wa nchi ile ile. Mumewe alikuwa mtu wetu wa Unguja. Katika ujana wake serikali ya Unguja ilimpeleka nchi hiyo kusomea redio, maana zama hizo wakomunisti nao walikuwa na mafunzo yao, wakichukua vijana kutoka Afrika na kuwafundisha kusoma habari kwa namna wanayotaka wao. Akamwoa huko. Watu wetu walipokuwa wanarudi Oman, nao wakaja, na mama wa mume akaja. Sasa mume kafa, mama mkwe kafa, kabaki yeye na paka. Kiswahili chake kafundishwa na mama mkwe jikoni, kwa hiyo mambo ya serikali hajui hata neno moja, lakini muulize namna ya kupika pweza wa nazi, atakueleza mpaka ulie. Na ile kh na gh anaitamka kuliko sisi wenyewe, na desturi za huku kazishika vile vile. Yeye hatembelei mtu. Tangu alipotoka eda, sisi ndo humwendea, kwa heshima ya ujane wake, ikawa ndo desturi.

Basi mjukuu wangu kavaa vizuri, kachukua kijidude chake, kavuka uchochoro. Aliomba ruhusa ya kurikodi, akapewa. Karudi jua linakuchwa, kakaa kitako sakafuni.

"Vipi?" nkamuuliza.

"Sikiliza mwenyewe."

Kabofya. Ikatoka sauti ya jirani, na nyuma yake kijiko kinagonga gilasi.

"Haya, mwanangu, kaa. Kunywa. Umetoka kule. Nieleze. Ule mkate wenye mbegu, pale ngazi za daraja, bado wanauza?"

"Pale sasa wanauza simu, Bibi."

"Simu." Kijiko kikagonga tena. "Na mti?"

"Mti upi?"

"Wenye maua ya manjano. Tukiyatia kwenye chai."

"Upo. Wamefungia baiskeli."

"Na saa ya mnarani? Inachelewa?"

"Inachelewa."

"Al hamdulillahi."

Na hivyo hivyo mpaka mwisho. Harufu ya makaa ya mawe wakati wa baridi, ipo? Haipo. Treni ya mjini ina viti vya mbao? Vya plastiki. Mjukuu wangu kaziba uso kwa mikono. "Bibi, nimekwenda kuuliza, nimeulizwa mie."

Kesho yake kenda tena. Ikawa vile vile. Siku ya tatu kenda, na hiyo naikumbuka kwa sababu ndani yake mna kimya kirefu.

"Mlisomea wapi?" jirani alikuwa anauliza.

"Jengo la zamani la manjano, ngazi zake zimelika katikati. Wanasema ilikuwa nyumba ya redio."

Kimya. Paka akalia.

"Chumba gani?"

"Cha juu. Kina vizibo ukutani, vya kuzuia mwangwi."

"Vizibo vipo bado?"

"Vingine vimechomolewa."

"Dirisha linatazama uwanjani?"

"Ndiyo."

Hapo kiti kikasogea, jirani akasema paka ana njaa, akainuka, na alivyorudi akauliza habari za bei ya siagi.

Mjukuu wangu akampelekea mwalimu vipande vile. Yule bwana akasikiliza na tafsiri yake ya Kiingereza, akajikuna ndevu, akasema maneno ambayo mjukuu wangu kanifasiria bila ya kunitazama: "Hii ni sauti yako. Yeye yuko wapi?" Na kazi inatakiwa Alkhamisi. Kaifunga kompyuta taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Labda hataki kusema," kaniambia.

"Umemuuliza waziwazi?"

"Nimemuuliza. Nimemwambia, Bibi, nieleze maisha yako ya kule. Kanijibu, 'Mwanangu, weye ndo umefika.'"

Nami nkamsikia, na maneno yakanipita. Nlikuwa natwanga iliki, mawazo yangu yako kwenye iliki. Ningekuwa mtu wa akili ningeruka hapo hapo. Nkamwambia tu ale.

Jumanne hiyo joto lilikuwa lile la kufanya ukuta unuke. Alasiri nimejinyoosha kwenye godoro la sebuleni, bahari yangu inaanza kuja uchochoroni, naona mawimbi madogo madogo yanagusa magurudumu ya gereji, na juu ya mawimbi mwanamke mrefu anakuja, kavaa kanga, kichwani mtandio, kabeba paka. Nkajua ni ndoto. Kisha yule mwanamke akabisha hodi.

"Shoga," kasema mlangoni, "kiyoyozi changu kimekufa. Fundi kasema kesho. Huyu paka kajitupa kwenye vigae kama kitambaa cha kupigia deki, nkaona tutakufa sote wawili."

"Karibu, mwenzangu. Karibu ndani."

Miaka hajakanyaga sebule yangu. Kakaa, paka kaingia chini ya meza. Mjukuu wangu alikuwa kwenye meza ya kulia, katupa mgongo, anahangaika na kompyuta yake, kijidude cha kurikodia kipo ubavuni kimezimwa. Kamwamkia jirani, karudi kazini kwake, kanyong'onyea.

Mie mikono yangu ikajifanyia kazi yake bila ya kuniuliza. Tende. Mdila wa kahawa. Finjani. Nkammiminia, na kwa mazoea tu, kama ninavyomuuliza kila aingiaye, nkasema:

"Habari, mwenzangu? Huko utokako?"

Huko alikotoka ni ng'ambo ya uchochoro, mtupo wa jiwe, lakini leo yeye ndo aliyefika.

"Hakuna ila kheri," kajibu.

Kanywa. Huku kwetu mtu aliyetosheka anakitikisa kikombe, ndo unajua usimimine tena. Yeye hakukitikisa. Nkammiminia.

"Kuna la kueleza?"

Katazama ndani ya finjani muda mrefu. Viyoyozi vinavuma.

"Kuna moja," kasema. "Nnayo zamani. Hapana aliyeniuliza."

Nkaona mikono ya mjukuu wangu imesimama. Mkono mmoja ukaanza kwenda kwenye kile kijidude. Ukafika nusu njia. Nlijua anachokumbuka, ile idhini. Akaurudisha mkono, akaukalia.

Na jirani yangu akaeleza, kwa sauti ya mtu anayechambua mchele.

Yeye ujana wake alikuwa fundi wa sauti katika nyumba ile ya manjano. Anakaa nyuma ya kioo, mbele yake swichi, masikioni mwake vile vya kusikilizia. Chumba cha vizibo wakikalishwa vijana wa kigeni kujifunza kusoma. Siku moja mchana, kabla ya taarifa ya habari, kijana mmoja kutoka Unguja kaachwa peke yake mle ndani apime sauti. Karatasi ya siku ile, yenye muhuri, ilisema kuna jua, kwa sababu kulikuwa na gwaride uwanjani na wakubwa walishaamua kuwe na jua. Na nje theluji ikaanza kuanguka. Yule kijana hajapata kuiona maishani mwake. Kasogea dirishani, na mbele ya kipaza sauti kasema maneno machache kwa lugha yake.

"Swichi ilikuwa wazi," jirani kasema. "Ilikuwa chini ya kidole changu hiki. Maneno yale yakatoka, nchi nzima, mpaka milimani. Nkayasikia masikioni mwangu kama mtu ananinong'oneza. Sikufahamu hata moja, ila la kwanza. La kwanza lilikuwa 'Mama'. Hilo hata sisi tunalo."

Mkubwa wake kaja mbio, uso mweupe kama karatasi. Nani yule? Kasema nini?

"Nkamwambia, anapima sauti, mheshimiwa. Anahesabu."

"Anahesabu mpaka ngapi?"

"Mpaka kumi."

"Kumi yao ndefu hivyo?"

"Ndefu, mheshimiwa. Kwao kumi ni ndefu."

Nlicheka nkamwaga kahawa. Hata yeye kacheka, kajifuta jicho kwa ncha ya mtandio.

Wakaoana. Na kila alipomuuliza mumewe, siku ile ulisema nini, yule bwana alijibu, "Si ulisema mwenyewe, nlikuwa nahesabu." Mzaha wao huo, hakuuacha mpaka anakufa. Lakini yeye alikuwa na masikio ya fundi. Sauti ya maneno yale ilikuwa imebaki kichwani mwake nzima, kama mtu aliyehifadhi dua bila ya kujua maana yake. Kaja nayo mpaka Muscat. Kaja nayo jikoni kwa mama mkwe.

"Basi siku moja," kasema, "mama ananambia, nipe kile kitambaa cheupe. Nkasimama. *Cheupe.* Nlikuwa nnalo hilo, ndugu yake. Siku nyengine kikombe kiko ukingoni, kasema, angalia, kinaanguka. Nkalipata la pili. Anakuna nazi, anakamua tui, ananambia machicha wape kuku. *Machicha*, shoga. Nkakaa chini pale pale. Likabaki moja la mwisho, halikuja, halikuja, mpaka siku mlango umepigwa na upepo, mama kauliza, kishindo gani hicho?"

Akaweka finjani chini.

"Nkaingia jikoni, nkamwambia, mama, una salamu zako. Zimechelewa, mie ndo nlizichukua, sikujua kama ni za nani. Mwanao alipokuwa kule kijana alikwambia hivi." Na hapo akayasema yale maneno, kwa sauti nyengine, nyepesi, ya kijana wa mjini Unguja. "*Mama, kuna vitu vyeupe vinaanguka huku, kama machicha, wala havina kishindo.*"

Paka akatoka chini ya meza.

"Mama mkwe kasemaje?" nkauliza.

"Kaweka mkono juu ya mbuzi ya nazi. Kaniuliza, alikuwa na koti? Nkamwambia alikuwa nalo, la kuazima, lakini zito. Kasema, basi. Kaendelea kukuna."

Mjukuu wangu akageuka kwenye kiti. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bibi," kamwambia jirani, "nimesikia yote. Sikurikodi."

"Najua. Taa yake haikuwaka. Mie kitu cha kwanza natazama taa."

"Utaweza kunieleza tena, nikiwasha?"

"Hapana, mwanangu." Kasema kwa upole kabisa. "Mara ya pili mtu hujisikiliza. Nimekaa na watu hao kazini miaka, nazijua sauti zao."

Mtoto akainamisha kichwa. Na mie, nimeshasema sikutaka aende, nlijisikia kama nimenyang'anywa kitu changu. Nkataka kusema na jirani, nkaona si mahala pangu, nkammiminia tu. Kanywa. Hakutikisa.

"Yale maneno yake peke yake," kasema mwishowe, "hayo ntayasema. Hayo si yangu, nlikuwa nimeyabeba tu. Washa."

Taa nyekundu ikawaka. Jirani kayasema mara moja, basi. Na kabla hajafunga mdomo sawasawa mie mjinga nkasema, "Kunywa, inapoa," nayo ikaingia humo humo.

Usiku ule na siku iliyofuata mjukuu wangu hakutoka chumbani ila kwa sala na chakula. Nikipita mlangoni nasikia sauti ya jirani inauliza: na mkate? Na mti? Na saa ya mnarani? Alizichukua zile kanda tatu alizoziona hazifai. Majibu yake mwenyewe akayakata, yakabaki maneno mawili matatu, simu, baiskeli, plastiki. Akaacha maswali ya jirani yafuatane, moja baada ya moja, mwanamke mzee anaulizia mji wake, mpaka lile la dirisha. Kisha kimya cha paka. Kisha yale maneno ya Kiswahili bila ya tafsiri, kwa muda, kama nchi ile ilivyoyasikia mchana ule isiyafahamu. Halafu ndo tafsiri.

Alkhamisi mwalimu katokea, nkamwekea halua yake. Kasikiliza kavua miwani. Ilipokwisha kaomba airejee. Mara ya pili kauliza swali moja tu.

"Anataka kujua ni nani anayesema inapoa," kanambia mjukuu wangu.

"Mwambie ni mie, na anisamehe. Likate."

Wakasemezana.

"Anasema nisiliguse."

Wakamchukua. Nlimfungia bizari na pilipili manga, na halua ya kutosha kijiji, nkamsindikiza uwanja wa ndege nkiwa mkavu wa macho, nkalia kwenye gari. Chupa za dawa sasa ananifungulia fundi wa kanzu, anazifungua zote kwa wiki nzima, na mie nazifunika kwa visahani.

Jirani anakuja. Kiyoyozi chake kilitengenezwa kesho yake, lakini alasiri anakuja tu na paka wake. Namuuliza habari. Mara nyingi hakuna ila kheri, au paka kafanya hivi. Siku nyengine kunakuwa na la kueleza, na mengine hayo si ya kuandikwa.

Juzi, tumekaa, bahari yangu imeshafika mpaka kizingitini, simu ikalia. Mjukuu wangu.

"Bibi," anasema kwa sauti ya chini, "inaanguka. Nipo chumba cha juu. Nikutilie picha?"

Nkamtazama jirani. Akatikisa kichwa.

"Mwambie asitie picha," kasema. "Afungue dirisha tu, aisogeze simu, anyamaze."

Nkaiweka simu baina ya mdila na sahani ya tende. Tukasikia kitasa, kisha hakuna. Jirani akainuka, akenda ukutani, akakizima kiyoyozi changu. Joto likaingia pole pole. Tukainamia ile simu, wazee wawili, mitandio yetu inagusana.

"Sisikii kitu," nkanong'ona.

"Ndo yenyewe," kasema.

Tukakaa hivyo mpaka jasho likaanza kunishuka mgongoni, mpaka mtoto kule mbali akauliza kama tupo. Nkamwambia tupo, asifunge bado. Nkachukua mdila nkammiminia mwenzangu. Kanywa, akakinyoosha tena kikombe, bila ya kukitikisa.